Korongo la Njorowa: Pale ambapo mvua haina mawingu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huu ni wa kweli kwa mkulima aliye shambani mwake, na ni wa kweli pia kwa mchungaji aliye malishoni na ng'ombe wake, kwa maana wote wawili wana mbingu nzima mbele ya macho yao. Lakini yuko mtu mmoja ambaye msemo huo haumfai hata kidogo, naye ni yule atembeaye kwa miguu chini ya korongo. Huyo hana mbingu. Alicho nacho ni kipande chembamba cha samawati juu ya kichwa chake, mfano wa utepe uliotandazwa baina ya kuta mbili za mawe. Utepe huo waweza kuwa safi kabisa, na jua linawaka, huku mvua ikimwagika kilomita kadhaa kutoka hapo aliposimama na maji yake yakiwa njiani yanakuja.

Jambo hili si la kubuni. Katika korongo la Njorowa, karibu na mji wa Naivasha, mafuriko ya ghafla yameua watu mara mbili katika muda usiozidi miaka minane. Hata hivyo korongo hilo hilo ni miongoni mwa mahali pazuri mno humu nchini kwa mtu apendaye kutembea. Wanafunzi wamelitembelea, vikundi vya makanisa vimelitembelea, na vijana wa Nairobi wamezoea kwenda upande huo siku za Jumamosi na Jumapili wakiwa na baiskeli za kukodi na vyakula mifukoni. Makala haya hayakusudii kumtisha mtu yeyote asiende kwenye makorongo yetu. Yakusudia kueleza korongo ni kitu gani, mtu hutembeaje ndani yake, na kwa nini yampasa kukumbuka wakati wote kwamba hapo yeye ni mgeni na mwenye nyumba ni maji.

LANGO LA JAHANAMU

Njorowa, au Ol Njorowa kama isemwavyo kwa lugha ya Kimaasai, imo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Mbuga hiyo ilitangazwa rasmi mwaka 1984, na eneo lake ni kilomita 68 za mraba na kitu kidogo. Kwa mbuga ni ndogo sana, lakini ina sifa moja ambayo mbuga kubwa hazina: mgeni huruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli na kupita katikati ya pundamilia, twiga na swala pasipo kujifungia ndani ya gari. Nyati nao wamo, kwa hiyo anayetembea yampasa awe macho na asiwasogelee.

Jina hilo la Kiingereza, ambalo maana yake ni Lango la Jahanamu, lililetwa na wageni. Mwaka 1883 Mjerumani mmoja aitwaye Gustav Fischer alifika sehemu za Naivasha katika safari yake ya kutoka pwani, na hapo ndipo safari yake ilipokomea kwa sababu Wamaasai hawakumruhusu kuendelea mbele. Jina lake limebaki katika mnara wa mawe ulio karibu na lango la mbuga, uitwao Fischer's Tower, ambao urefu wake ni mita 25 hivi. Mbele yake barabara ya vumbi hupita kati ya magenge mekundu yaliyosimama wima kama kuta za ngome, na juu ya magenge hayo tai na mbayuwayu huzunguka mchana kutwa. Ukiendelea utaufikia mnara wa pili wa mawe, na hapo karibu ndipo uwanda unapokoma ghafla na ardhi kupasuka. Chini ya mpasuko huo ndiko kuliko korongo lenyewe.

Bila shaka aliyeliita Lango la Jahanamu alitazama mvuke unaotoka ardhini, maana upande wa Olkaria nchi yote ina moto chini yake. Mvuke huo huo ndio uliotufaa wananchi baadaye. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kutoa umeme kwa kutumia joto la ardhi, nao ulikuwa wa megawati 15. Tangu hapo mitambo imeongezeka, na mabomba marefu yanayong'aa yanaonekana yakipita vilimani, mahali ambapo zamani palikuwa na vichaka na leleshwa tu.

NYUMBA ALIYOIACHA MTO

Nani aliyelichimba korongo hili? Wengi wakitazama zile kuta hudhani ni tetemeko la ardhi tu lililopasua nchi. Kweli, Bonde la Ufa lote ni nchi iliyopasuka, na volkano za Longonot, Olkaria na Suswa zote ni watoto wa mpasuko huo. Lakini korongo la Njorowa ni kazi ya maji.

Leo Ziwa Naivasha halina mto unaotoka ndani yake ukaonekana juu ya ardhi. Maji yake hupenya chinichini kati ya miamba, na hiyo ndiyo sababu mojawapo inayofanya maji hayo yasiwe ya chumvi kama yale ya maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Lakini maelfu ya miaka iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi kuliko sasa, ziwa hilo lilikuwa kubwa zaidi na maji yake yalisimama juu zaidi. Yalijaa hata yakafurika, nayo yakatafuta njia ya kutokea upande wa kusini. Njia hiyo ilipita juu ya majivu ya volkano yaliyogandamana, ambayo ni mawe laini, rahisi kulika. Mto ukakata, ukaendelea kukata, ukaacha magenge pande zote mbili. Kisha mvua zikapungua, ziwa likashuka, na mto ukafa.

Mto ulikufa lakini nyumba yake ikabaki. Hilo ndilo jambo ambalo kila anayeshuka korongoni yafaa alikumbuke. Ile njia ya mchanga anayoikanyaga si njia iliyotengenezwa kwa ajili ya wapita njia. Ni kitanda cha mto. Kwa siku nyingi za mwaka mwenyewe hayumo, au yumo kwa kiasi cha kijito cha kulowesha vidole vya miguu. Lakini mvua kubwa ikinyesha juu ya vilima vinavyozunguka, maji hayana njia nyingine ya kupita ila hiyo hiyo ya babu zao.

Katika kuta za korongo mtu aweza kusoma habari za kale kama asomavyo kurasa za kitabu. Iko mistari ya majivu ya kijivu, mistari ya kahawia, na mingine ya manjano iliyopakwa na chumvi za maji ya moto yanayotiririka kutoka mwambani. Mahali pengine kuna vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama chupa iliyovunjika. Jiwe hilo liliwafaa sana watu wa kale wa sehemu hizi. Walilichonga wakapata visu na ncha za mishale, na mawe ya namna hiyo yaliyotoka upande wa Naivasha na mlima Eburru yalichukuliwa mbali sana na kwao kabla chuma hakijajulikana. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana korongo lao la Oldupai, ambalo jina lake limetokana na neno la Kimaasai la mkonge wa porini. Humo ndimo Mary Leakey alimoona fuvu la kale sana mwaka 1959. Kama maji yasingalikata nchi ile, fuvu hilo lingekuwa bado limefukiwa chini.

BIBI ARUSI ALIYEGEUKA JIWE

Kuhusu ule mnara wa Fischer, Wamaasai wana hadithi yao iliyo nzuri kuliko jina la Mjerumani. Husimuliwa kwamba palikuwa na binti wa mkubwa mmoja aliyekuwa akipelekwa kwa mume. Kwa desturi yao bibi arusi akisha kuondoka kwao hatakiwi kugeuka nyuma kutazama. Binti huyo alishindwa na huzuni, akageuka ili aangalie nyumbani kwao mara ya mwisho, na papo hapo akawa jiwe. Ndiye huyo amesimama hapo hadi leo, na pimbi wamefanya makao yao miguuni pake.

Huko pwani nako, Marafa, upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Malindi, kuna korongo la udongo mwekundu na mweupe ambalo Wagiriama huliita Nyari, maana yake mahali palipovunjika penyewe. Hadithi ya huko yasema hapo paliishi watu wa nyumba moja tajiri, waliokuwa na ng'ombe wengi hata wakawa wanaoga kwa maziwa. Mwenyezi Mungu akachukizwa na ubadhirifu huo, ardhi ikafunguka ikawameza pamoja na mali yao. Weupe wa udongo ni maziwa, na wekundu ni damu.

Mtu wa mjini husikia hadithi hizi akacheka. Lakini zitazame vizuri. Zote mbili zimefungwa kwenye mawe na magenge, na zote mbili zaeleza habari ya mtu aliyesahau mpaka wake. Wazee hawakuwa na vibao vya kutundika penye hatari, wala hawakuwa na askari wa lango. Kibao chao kilikuwa hadithi. Mtoto aliyeambiwa kwamba mahali fulani pamewahi kumeza watu hakukaribia mahali pale kwa mzaha, hata alipokuwa mkubwa na kuanza kuitilia shaka hadithi yenyewe.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kwa Wamaasai mvua si adui. Neno lao Enkai ni jina la Mungu, na tena ndilo neno la mvua. Mungu mweusi, mwenye rangi ya wingu zito, ndiye mwema aletaye majani kwa ng'ombe. Kwa hiyo mafuriko ya korongoni si shetani wala si jahanamu. Ni baraka iliyopita njia yake, na mtu akaikuta imejaa njiani.

MIGUU NA MAWE

Sasa tuje kwenye kutembea kwenyewe. Kushuka korongoni si sawa na kutembea barabarani, wala si sawa na kupanda mlima. Mlimani mtu huchoka mapafu. Korongoni huchoka macho, kwa sababu kila hatua lazima iamuliwe kabla mguu haujainuka. Mawe yamelala kila namna: mengine makubwa kama nyumba ya duka, mengine kama magunia ya mahindi, mengine kama vichwa vya watu, na katikati yake kuna mchanga na vidimbwi.

Kanuni ya kwanza ni kutoruka. Mwenda pole hajikwai, na korongoni msemo huu si mapambo ya maneno. Jiwe linaloonekana imara laweza kuwa limekaa juu ya kokoto mbili tu, nalo likikanyagwa upande mmoja huinuka upande wa pili. Mtembezi mwenye busara hulijaribu kwanza kwa ncha ya mguu, kisha ndipo humwaga uzito wake. Panapokuwa na mteremko mkali hushikilia kwa mikono, na kiungo kimoja tu ndicho kinachosogea, vile vingine vitatu vikiwa vimetulia. Jiwe lenye ukijani wa majimaji huteleza kuliko sabuni. Jiwe kavu lenye mikwaruzo ndilo rafiki.

Kanuni ya pili ni kutotia mkono mahali ambapo jicho halijaingia. Nyufa za mawe ni vyumba vya nyoka, hasa wakati wa asubuhi ambapo jua halijapasha mwamba moto. Ya tatu ni kujihadhari na maji yanayochuruzika ukutani. Njorowa ina chemchemi za maji moto, nayo yaweza kumwunguza mtu aliyenyosha kiganja akidhani atapata maji ya kunawa uso.

Kuhusu viatu, wengi hufika wakiwa wamevaa viatu vya kwendea kanisani au vile vyepesi vya kuogea. Vya kwanza vina nyayo laini kama kioo, na vya pili hutoka mguuni kila mara. Viatu vya mpira vyenye meno chini vyatosha kabisa. Mchungaji wa sehemu hizo huvaa akala zake zilizokatwa kutoka tairi la gari, akabeba fimbo yake, naye humpita mgeni mwenye buti za bei ghali. Akala haogopi maji, na fimbo ni mguu wa tatu. Tena ni kijiti cha kupimia kina cha kidimbwi kabla ya kutia mguu wenyewe.

JUMAPILI MBILI

Tarehe 22 Aprili mwaka 2012, siku ya Jumapili, vijana wa kikundi kimoja cha kanisa walikuwa wakitembea katika korongo la Njorowa. Maji yaliwajia ghafla, na saba kati yao wakafariki. Taifa zima lilihuzunika. Wengi walisema huo ni mwezi wa masika, na mwezi wa masika una mambo yake.

Tarehe 1 Septemba mwaka 2019, siku ya Jumapili tena, maji yalikuja kwa mara nyingine, na watu saba wakapoteza maisha yao. Miongoni mwao alikuwamo mwongozaji mwenyeji, kijana aliyeifanya kazi ya kupitisha wageni mle ndani. Baada ya msiba huo korongo likafungwa.

Tazama tarehe hiyo ya pili. Septemba si mwezi wa masika, wala vuli ilikuwa haijaanza. Aliyekuwa akitegemea kalenda hakupata onyo lolote kutoka kwenye kalenda. Na kifo cha yule mwongozaji chatufunza jambo jingine zito: kuwa mwenyeji si hirizi. Mtu aweza kulijua kila jiwe kwa jina lake, lakini mle chini hana mbingu zaidi ya mgeni wake.

Kwa nini maji yawe na nguvu za namna hiyo? Ziko sababu tatu. Kwanza, vilima vinavyozunguka ni vya majivu na miamba yenye mwinuko mkali, na majani yake ni machache. Mvua kubwa ikipiga hapo, maji mengi hayapati nafasi ya kuzama, bali huteremka mbio. Vijito kumi visivyo na madhara hukutana mahali pamoja.

Pili ni wembamba wa njia. Chukua mfano wa maji yanayopita katika uwanda wa upana wa mita 20, yakiwa na kina cha nusu mita tu. Yakifika penye upenyo wa mita mbili, na yakibaki na mwendo ule ule, kina chake lazima kiwe mita tano. Kwa maneno mengine, yale yaliyokuwa ya magotini yamekwisha kupita kichwa cha mtu na kumwacha mbali.

Tatu ni uzito na mwendo. Pipa la mraba lenye mita moja kila upande hubeba maji ya kilo 1,000, yaani tani nzima. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Wataalamu wa mito wanayo kanuni ya zamani isemayo kwamba, mwendo ukizidi mara mbili, uzito wa jiwe linaloweza kusukumwa huzidi mara 64. Ndiyo maana mto wa saa moja hubingirisha majabali ambayo vijana ishirini hawayawezi. Yale mawe makubwa kama magunia unayoyakanyaga hayakuzaliwa hapo. Yaliletwa, na aliyeyaleta atarudi.

KUSOMA ALAMA

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yafaa aambiwe atazame wapi. Ikiwa mawingu hayaonekani, korongo lenyewe lina alama zake, na wazee waliochunga mifugo kwenye mabonde ya mawe walizisoma hivi.

Alama ya kwanza iko ukutani. Mtu aingiapo korongoni na ainue macho atafute vijiti, majani makavu na nyasi zilizokwama katika nyufa juu ya kichwa chake. Hakuna ndege aliyezipandisha huko. Hizo ni takataka za mafuriko yaliyopita, na mahali zilipokwama ndipo maji yalipofika. Ukiziona ziko mara mbili ya kimo chako, umekwisha kupewa habari zote.

Ya pili iko chini. Mawe bapa ya kitandani mwa mto hulaliana kama vigae vya paa, yote yakiegemea upande mmoja, vichwa vyao vikielekea huko maji yaendako. Mahali yalipopangika vizuri namna hiyo, maji hupita kwa nguvu. Si mahali pa kutandika shuka na kula chakula cha mchana.

Ya tatu ni rangi. Kijito kilichokuwa cheupe kikianza kuwa cha kahawia, au kikileta povu, majani mabichi na vijiti, basi mvua imekwisha nyesha huko juu. Wakati huo si wa kupiga picha. Ya nne ni pua na ngozi: harufu ya udongo uliolowa, pamoja na upepo wa baridi unaotoka upande wa juu wa korongo. Ya tano ni sikio. Wapo waliosikia mngurumo kama wa lori zito linalopanda kilima, na mle korongoni hakuna barabara ya lori.

Alama hizi zote, na hasa tatu za mwisho, huja zikiwa zimechelewa. Zampa mtu dakika chache tu. Kwa hiyo jambo la maana kuliko yote ni kujua pa kutokea. Kila baada ya hatua kadhaa mtembezi yafaa ajiulize: maji yakija sasa hivi, nitapanda wapi? Akiona sehemu ndefu isiyo na pa kupandia, aipite bila kukawia, au asiipite kabisa. Wala asijaribu kushindana na maji kwa kukimbia kuelekea yanakokwenda. Njia ya kuokoka ni ya kwenda juu, si ya kwenda mbele. Maji ya magotini tu yaendayo kasi yatosha kumwangusha mtu mzima, na akisha kuanguka mawe humaliza kazi.

MGENI NA MWENYEJI

Liko jambo moja ambalo aghalabu huleta taabu katika safari hizi, nalo halitokani na mvua wala na mawe. Ni fedha. Mgeni ametoka mbali, amelipa kiingilio, ameajiri mwongozaji, na siku aliyo nayo ni hiyo moja. Mwongozaji akisema, "Tusishuke leo, huko juu kumefunga," mgeni hununa. Huona kwamba ananyimwa haki yake. Naye mwongozaji anajua kwamba asiposhuka, malipo hayapo, na yuko mwenzake langoni ambaye atakubali. Hapo watu wawili hushuka korongoni, kila mmoja akiwa na shaka moyoni, na kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni huja na heri yake. Itakuwaje basi mgeni akiwa ndiye amtiaye mwenyeji hatarini kwa ajili ya shilingi chache? Yafaa iwe desturi kwamba mwongozaji anayesema turudi hulipwa sawasawa na yule aliyefika mwisho wa njia. Ameuza ujuzi wake, na ujuzi wa kurudi ni mkubwa kuliko ule wa kwenda. Viongozi wa vikundi vya shule na makanisa wangefanya vyema kuliweka jambo hilo wazi kabla basi halijaondoka mjini. Tena mmoja wa kundi, au mtu wa lango, abaki juu mahali penye mbingu pana, akiwa na njia ya kuwaarifu walio chini, maana simu aghalabu hazishiki mle ndani.

Ndugu zetu wa kaskazini, Wasamburu, Waturkana na wengineo, wamekaa na jambo hili miaka nenda miaka rudi. Laga zao ni mito ya mchanga isiyo na maji kwa miezi mingi, nao huchimba visima ndani yake wakanywesha ngamia na mbuzi. Wanaitegemea laga kwa uhai wao. Lakini usiku ukiingia hawatandiki ngozi zao ndani yake, hata mchanga ukiwa laini namna gani na hata kukiwa na upepo mkali huko juu ukingoni. Mchana laga ni yao, na usiku wanaiachia maji. Huo ndio ujirani mwema.

Basi kwa yule anayepanga safari ya Njorowa, au ya korongo lolote lenye mawe katika nchi hii, yatosha aanze mapema asubuhi kabla ya mawingu ya alasiri, avae kiatu chenye meno, na ashike fimbo. Akifika langoni aulize kama korongo liko wazi, na jibu analopewa alitii. Kisha asiulize kama hapo alipo pana mvua, kwa maana hilo hata macho yake yaweza kumjibu. Aulize kama kumenyesha huko juu.